Jalada la Yanayosubiri

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kausikiliza moyo wangu, akakunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyochacha. Wiki chache, kasema. Haya. Nina dhambi moja ya kuungama, na mimi kazi huzifanya siku ya mwisho.

Jumanne, 4 Machi
Mlezi wangu — namwita Bi Chapuchapu, hunivisha shati kabla sijabisha — ana mimba ya miezi saba. Miguu imevimba. Kliniki inataka kadi ya bima ya afya ya serikali. Ofisi ya bima imemwambia mgeni husubiri miaka mitano nchini. Yeye ana miwili.
"Na huyu naye asubiri humu ndani, Babu?" kauliza, akicheka.
Nikajifanya nimesinzia. Uzee una faida zake!

Jumatano, 5 Machi
Nilikuwa mkuu wa masjala katika ofisi hiyohiyo ya bima. Mwaka niliostaafu uliletwa waraka: wajawazito na watoto wa wageni waandikishwe mara moja. Haukuwa na namba ya kumbukumbu. Mimi, bingwa wa utaratibu, nikautia kwenye jalada la "Yanayosubiri" hadi namba ije. Haikuja. Nikaagwa kwa hotuba na saa ya ukutani. Miaka tisa! Wangapi wamerudishwa dirishani? Msomi mzima — punda ana nafuu.

Alhamisi, 6 Machi
Bi Chapuchapu kichwa kinamuuma, anaona vimulimuli. Nimemwambia yote. Alikuwa akininyoa. Wembe ukasimama shingoni.
"Babu, ningekuwa na hasira za karibu, ungezikwa leo."
Akaondoka na wembe wake. Nimebaki na ndevu upande mmoja.

Ijumaa, 7 Machi
Bi Chapuchapu karudi, kanisukuma hadi ofisi ya bima, nami kwenye kiti cha magurudumu, nusu ndevu. Karani wa dirishani alidhani nimepotea njia ya hospitali. Nikamwelekeza: rafu ya nne, nyuma ya mlango. Karudi na vumbi, na waraka.
Mkuu wao kausoma mara mbili. Atamwandikisha, ila kwanza anataka maelezo ya maandishi: nani aliuzuia, na kwa nini. Wanafunga saa kumi. Sasa ni saa kumi kasoro dakika kumi, nami, mpumbavu, naandika humu kwanza!
Bi Chapuchapu kaegemea ukuta, macho kafumba. "Andika, Babu. Jina lako lote."
Jina nimeandika. Penye "Sababu" nimefuta mara mbili. Utaratibu, niliandika. Uongo. Simu ilikuwa mezani kwangu, ningeuliza tu, lakini sikutaka vijana wa makao makuu wajue kuna kitu mimi siju—