Mkwe Ghalani

Jumatatu, 14 Julai 2025
Wamefika! Eliana wangu amenenepa, Mungu ashukuriwe. Mumewe Mwitaliano – eti Urbano, jina kama tumempa sisi hapa Kintinku. Nimemwona kisogo tu. Mkwe hatazamwi usoni wala hasemeshwi, na mimi sianzi leo kwa sababu ya Mzungu. Kanisalimia shikamoo kutoka uani. Nikamwambia Eliana aitikie kwa niaba yangu.

Jumanne, 15 Julai
Leo nimeelezwa kazi yake. Anatia sauti katuni na magemu. Yaani mdomo unaocheza ni wa katuni, sauti ni yake! Miaka yote amekuwa kunguru, na askari wa magemu. Wale wanaokufa. Kazi yake kufa tu, maskini. Sasa kuna katuni mpya ya punda mdogo aliyepotezana na mama yake, na huyo punda ndiye mhusika mkuu. Akipewa, itakuwa mara yake ya kwanza. Sauti ya majaribio iwafikie wenye katuni Ijumaa hii. Nje upepo haufai, kaomba ghala langu. Anasema magunia ya alizeti yanameza kelele. Haya, yameze.

Jumatano, 16 Julai
Aibu! Alikuwa anazoeza koo ghalani, akafa mara tatu kwa mayowe. Jirani yangu Mzee Mazengo kaja mbio na fimbo, nani anauawa huku! Eliana akamweleza. Mzee akasema basi huyo mkwe afe polepole, ng'ombe wanakimbilia porini. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Alhamisi, 17 Julai
Neno moja linamshinda. Mama. Kwao nako ni mama hivyo hivyo. Punda anamwita mama yake, na kila akirudia linatoka kavu, kama anasoma tangazo. Nikamuuliza Eliana: mtu anayekufa vizuri vile anashindwaje kuita mama? Akainama. Kumbe mama yake alifariki mwezi wa tatu, na tangu hapo hakulitamka hadi kazi hii. Na mimi sikuambiwa! Eti presha yangu. Nimekasirika, halafu nimelia. Nimeshindwa hata kumpa pole. Ningempa kwa mdomo wa nani?

Ijumaa, 18 Julai
Sijui nimefanya nini.

Eliana alikwenda kisimani. Uji wa mkwe ulikuwa unapoa, nikaupeleka mwenyewe, niuache mlangoni nikimbie. Ndani akaita: Mama. Kavu. Akaita tena. Mara ya tatu haikuwa ya punda. Ilikuwa ya mtoto aliyeamka akakuta nyumba tupu. Nikajibu kwa sauti: "Bee, mwanangu! Nipo!"

Nikaweka kikombe chini, nikakimbia hadi chumbani. Umri huu!

Eliana karudi, kaja kunigongea. Nikasema nimemharibia mtoto wa watu kazi. Hapana, anasema. Sauti yangu imeingia humo humo kwenye rekodi, na Urbano kaituma vile vile, hakukata kitu. Wakiikataa, waikatae. Anasikiliza hapo tu, anarudia na kurudia.

Sasa kuna hatua ukumbini. Si za Eliana, hizi ni za viatu. Zimesimama mlangoni kwangu. Nikitoka tutaonana uso kwa uso.

Anaita. Mama.

Na hapa hakuna cha kurekodia.