Kikombe cha Kahawa Nyumbani kwa Jumana

Jumapili, 5 Septemba 2021
Chekechea imefunguliwa, maana hapa Irbid wiki ya shule huanza Jumapili! Watoto kumi na saba, na barakoa yangu imelowa hata saa nne haijafika. Wana miaka minne, na kwa sababu ya korona hawajazoea kukaa na mtu asiye wa nyumbani. Wanalia kwa zamu. Mmoja tu halii — Jumana. Nikamwuliza jina, rangi, anataka mkate wa zaatari au wa jibini. Kimya. Ananikodolea macho tu. Baada ya robo saa nikajaza fomu: Hasemi. Ana kasoro. Apelekwe kwa daktari.

Nikajiona mjuzi kweli.

Jumatatu, 6 Septemba
Nimemwambia mama yake. Getini, mbele ya kina mama wote, tena kwa kupaza sauti, maana barakoa inameza maneno. Alimshika mwanawe mkono wakaondoka. Nyuma yangu mtu akanong'ona — kumbe ni bubu, ndiyo maana walikuwa wakimficha. Nilisikia. Nikanyamaza.

Alhamisi, 9 Septemba
Siku ya tatu Jumana hajaja. Watoto wanamwita Bubu. Wamelitoa wapi? Kwangu mimi!

Mwalimu mkuu, Bi Nuzha, kanivuta kando. Asipokuja Jumapili, nafasi yake inapewa mwingine. Halafu akauliza polepole: kwani nyumbani anaongea? Mama yake anasemaje?

Sikumwuliza. Miaka kumi na moja ya ualimu, sikumwuliza! Nimejiona mdogo kama piritoni.

Jumamosi, 11 Septemba
Nimekwenda kwao. Mama Jumana alifungua, akanikaribisha kwa adabu, mgeni hafukuzwi. Bibi, Hajati Fidda, akanimiminia kahawa chungu. Nikakiweka kikombe mezani bila kukionja.

Hapa Irbid hata mtoto anajua maana yake: mgeni ana ombi, na hanywi mpaka akubaliwe. Lakini hayo hufanywa na wazee, wakija kundi zima kuposa au kupatanisha. Mimi nilikuwa peke yangu, nikamtazama bibi.

"Mimi usinitazame," bibi akasema. "Mwenye mtoto huyo hapo."

Nikavua barakoa. "Nimekukosea, Mama Jumana. Nilimtia mwanao kasoro bila hata kukuuliza. Nisamehe. Kesho mlete."

Akacheka kidogo, cheko baya. "Kunidhalilisha, umenidhalilisha getini, mwalimu, watu wote wakisikia. Kuniomba radhi ndo unanifuata sebuleni?"

Uso uliniwaka. Akaniacha pale, akaingia chumbani. Na nyuma ya mlango — sauti ndogo, safi kabisa, haina hata kigugumizi:

"Mama, yule mwalimu asiye na mdomo ameshaondoka?"

Laiti ardhi ingepasuka! Robo saa nzima nilimsemesha, na mtoto hakuona ila macho mawili juu ya kitambaa.

Nikaaga. Kikombe nilikiacha kimejaa. Hajati Fidda akanisindikiza mpaka mlangoni. "Kikombe chako sikimwagi mpaka kesho," akasema. "Jumana nitamleta mwenyewe mpaka getini. Akiingia au nikirudi naye, shauri lako."

Kesho saa moja na nusu. Kina mama wote watakuwepo, na yule aliyenong'ona pia. Nimesimama mbele ya kioo, bila barakoa, nikijaribu kuyasema maneno ya radhi kwa sauti ileile ya Jumatatu. Mara tatu sasa. Ninafungua mdomo, halitoki hata neno —