Tumekutana Tu mu Ndege

Jumanne, 10 Septemba 2024

Pasipoti zote mbili ziko juu ya meza. Kesho asubuhi tunavuka mpaka Kavimvira, tunapanda ndege Bujumbura. Alhamisi asubuhi tunasema mbele ya watu Nairobi, na jioni ile ile tuko tena Uvira. Usiku mmoja tu! Bruno wangu anacheka: mama, hata Bukavu watu wanakaa siku nyingi kuliko hizo.

Tunakwenda wawili, minye na Mama Gédéon. Capitoline. Minye mwalimu, Mufuliiru wa Kiringye. Yeye Munyamulenge, alishuka toka milimani mwaka ule nyumba zao zilipochomwa, na sasa tuko majirani hapa Rugenge. Miaka mitatu tunashuka pamoja uwandani kila ng'ombe zikiingia mu mashamba. Yeye anasema na wafugaji, minye nasema na wenye mihogo, na mapanga yanarudi nyumbani. Ndiyo mambo waliotualika wanataka tuwaeleze. Wanataka kutuona wawili, pamoja.

Amekuja mchana na fomaji, jibini ya kwao, moja kubwa, imefungwa mu majani ya mgomba. Imetoka kwa dada yake aliyebaki kule juu. Ni ya Gédéon, mwanawe wa kwanza. Miaka sita hajamwona! Anafanya kazi Nairobi, atamngoja nje ya uwanja wa ndege. Begi lake ni dogo, fomaji nimeiweka mu langu.

"Dakika kumi zinanitosha," amesema. "Nimshike tu uso."

Nikamfundisha. Jibu kwa ufupi, Mama. Usilie, usicheke. Unakuja kufanya nini? — Reunio, mkutano. Siku ngapi? — Moja. Na huyu ni nani kwako? Hapo akafikiri.

"Nitasema iko mudogo wangu."

Tumecheka sana. Nani atatuamini? Lakini neno lile limenikaa moyoni.

Jumatano, 11 Septemba

Hoteli. Saa kumi na moja jioni.

Niandike namna ilivyokuwa. Nisiongeze, nisipunguze.

Mstari wa pasipoti ulikuwa mrefu. Yeye mbele, minye nyuma yake. Mwofisa, mwanaume wa miwani, mpole tu. Aliuliza siku ngapi. Moja. Akainua macho.

"Mama, mtu anatoka Kongo, anapitia Burundi, anapanda ndege, halafu analala usiku mmoja na kurudi? Na begi ni hili tu?"

Ni hilo tu. Akaomba barua ya mwaliko. Akaisoma, akatazama pasipoti, akaisoma tena.

"Hapa ni Uwizeye Capitoline. Huku ni Mukamurenzi Capitoline. Wewe ni yupi?"

Orodha ya majina niliituma minye! Uwizeye ni marehemu mume wake. Rugenge nzima inamwita hivyo, mama wa kwa Uwizeye, na minye nikaandika bila kufungua pasipoti. Kosa ni la mkono huu.

Mama Gédéon hajui kusoma. Hakuelewa anaulizwa nini. Akatafuta kati ya majibu niliyomfundisha, akatoa lililokuwa karibu. Aligeuka, akanionyesha kwa mkono wote, kwa heshima, kama mtu anayemtambulisha mgeni wake.

"Huyu iko mudogo wangu."

Mwofisa akaniita. "Ni dada yako?"

Maneno yalikuwepo. Tuko pamoja, kosa la jina ni langu, wapigie waliotualika. Lakini pembeni niliona viti vya plastiki na wanawake wawili wamekalishwa pale, na nikakumbuka mwezi wa tatu. Uwanja mwingine, safari nyingine ya siku mbili. Walinikalisha saa nne nzima kwa sababu ya msichana aliyesimama nyuma yangu tu mu mstari. Weye ndiye unawaleta? Unawapeleka wapi? Unawauza kwa nani? Siku ile nilidhani sitaona watoto wangu tena.

Nikasema: "Hapana. Simjui. Tumekutana tu mu ndege."

Na nilisema kwa sauti nzuri. Sauti ya darasani.

Mama Gédéon hakulia, hakucheka, kama nilivyomfundisha. Alinitazama kidogo, halafu akashusha macho, kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga. Mwofisa akamwonyesha viti. Pasipoti yangu akaipigia muhuri, akanikaribisha Kenya.

Dakika tatu hazikupita.

Na haikuishia pale. Nje, Gédéon! Nilimjua kwa paji la uso la mama yake, na yeye alinijua kwa picha. Shati jipya, mikunjo ya dukani bado iko kifuani.

"Mama Bruno! Jambo mama. Mama iko wapi?"

Ningemwambia: iko ndani, mita hamsini, kimbia useme nao, weye ni mwanawe. Nikamwambia hakupanda. Amebaki Bujumbura, mambo ya papiers, karatasi za safari. Nikampa fomaji. Akaipokea kwa mikono miwili, akainusa, akafunga macho. Akaniomba radhi juu nimebeba mzigo wake toka mbali.

Aliniomba radhi. Minye!

Alhamisi, 12 Septemba

Nimesema. Dakika ishirini. Nimewaeleza siku ile Kiringye: ng'ombe kumi na moja ndani ya mihogo ya Papa Pontien, watu wa pande zote na mapanga mkononi, na Mama Gédéon akaenda kukaa mu tope katikati yao. Akawauliza nani anaanza kumkata. Nilimvuta mkono, akakataa kusimama. Basi minye pia nikakaa.

"Toka siku ile tuko marafiki," nilisema.

Watu walisimama kupiga makofi. Mwanamke mmoja alitoa machozi. Karibu yangu kiti kitupu, na karatasi mezani: CAPITOLINE UWIZEYE. Jina nililompa minye.

Mwenzako iko wapi? waliniuliza. Papiers, nikajibu. Neno zuri, papiers. Linafunika kila kitu.

Jioni, mpaka wa Kavimvira. Askari pale anatujua. "Jana mulitoka wawili. Mwenzako amepita leo asubuhi, kwa mguu, peke yake. Mumekosana?"

Nikacheka. Kweli nilicheka.

Ijumaa, 13 Septemba

Sikuenda kwake. Hatua mia moja toka mlango wangu. Nimesahihisha madaftari ya mwaka wa tano mpaka macho yakauma. Halafu nikayasahihisha tena.

Jumapili, 15 Septemba

Ibada. Alikuwa benchi ya mbele, kitambaa cheupe kichwani. Sijui pasta alihubiri nini. Nilihesabu misumari ya benchi.

Nilipanga kumwambia mlangoni. Nilikuwa nimeshatengeneza maneno. Lakini alikuwa anasalimu kila muntu, mmoja mmoja, na zamu yangu ilipofika akanipa mkono kama wengine.

"Mungu akubariki, mwalimu."

Mwalimu! Miaka mitatu sijasikia neno hilo mdomoni mwake. Nikashika njia ya nyumbani.

Jumatatu, 16 Septemba

Komite yetu ya amani. Wanawake ishirini na wawili mu darasa langu, wa uwanda benchi hizi, wa milima benchi zile. Mama Eliane, rais wetu, hana kuzunguka: kulitokea nini Nairobi? Wawili walikwenda, mmoja alirudishwa. Tunataka kujua.

Nilisimama. Mungu anajua nilisimama niseme. Mama Gédéon akanitangulia.

"Majina hayakuwa sawa," akasema. "Mwalimu alinitetea. Alisema nao mpaka akachoka. Walikataa tu."

Wanawake wa milima wakanigeukia wote. Asanti mwalimu, asanti sana. Mama Anne, ambaye toka mwanzo hakuniamini, alikuja kunishika bega.

Nikakaa. Nikaacha iwe hivyo.

Nilimfuata njiani. Kwa nini umesema vile? Hakusimama.

"Usifikiri ni juu yako. Alhamisi tunashuka Kiringye. Wakijua, nani atashuka na nani?"

Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia niliogopa.

"Najua uliogopa," akasema. "Minye pia niliogopa. Na nikasema iko mudogo wangu."

Akaingia kwake. Nilibaki barabarani mpaka pikipiki ikanipigia honi.

Jumanne, 17 Septemba

Amekuja mwenyewe, saa tisa. Amekataa kiti cha ndani.

Gédéon alimpigia leo asubuhi, na hasira. Mama, weye unasema walikurudisha toka Nairobi. Mama Bruno alisema hukupanda ndege. Siku zote hizi mtoto amekuwa na wazo moja: mama yake hakutaka kuja, na sasa anatunga hadithi. Amemuuliza kama alikataa kuja juu yeye Gédéon ameoa bila kumngoja. Sikujua kama ameoa. Mama Gédéon pia hakujua. Amelijua leo, ndani ya ugomvi nilioutengeneza minye.

"Kwa komite nilisema uongo kwa ajili ya Kiringye," amesema. "Kwa mwanangu siwezi. Na minye nikimwambia hataniamini, ataona namtupia mwingine lawama." Amenipa telefone yake. "Atapiga saa kumi. Umwambie weye."

Nimemuuliza nianzie wapi.

"Anzia mu mstari."

Sasa ni saa kumi kasoro dakika tano. Nimejaribu kuandika kwanza, ndiyo tabia yangu. Mwanangu Gédéon, kulikuwa na kosa la jina. Nimefuta. Jina lingesahihishwa kwa simu moja. Mwanangu Gédéon, siku ile niliogopa sana. Nimefuta hiyo pia, juu nilimwona anaanza kunihurumia. Sitaki anihurumie. Ao nataka. Sijui.

Mama Gédéon iko kwenye kizingiti, mgongo kwangu, anatazama barabara. Bruno amempelekea chai, yeye amemshukuru vizuri, kikombe bado kimejaa. Kesho kutwa ni Kiringye na sijathubutu kumuuliza kama tunashuka wawili.

Mwanangu Gédéon, mama yako alikuwa ndani, na minye nili

Inalia.

Hageuki.