Tulipima Sauti, Tukasahau Sikio

Walikale, tarehe 6 mwezi wa ine

Papa yangu mupendwa,

Pokea salamu za mutoto wako mwenye anaishi sasa kati ya miti. Miguu iko mizima, tumbo iko muzima, ni mafua tu inanisumbua kwa sababu huku mvua haiombi ruhusa. Na wewe, mugongo unaendelea namna gani? Mama bado anakukataza kubeba bidon za maziwa? Umusikilize. Nasalimia ngombe wote, hata ile nyekundu yenye inanichukia.

Nilifika salama, na borne zote tatu zilifika kavu. Ninaandika «borne» na najua utauliza tena: ni kile kisanduku cheupe chenye kinarusha wifi, kile tulipima pamoja kule kwetu. Hapa kila muntu ananiuliza kama ni ya kupigia muziki.

Papa, soko ya hapa ni kubwa kuliko vile nilikuambia. Inaanzia ku barabara, inazunguka uwanja wa mpira, inaingia mpaka chini ya miti. Comité ya soko inataka kila muntu, awe muuza ndizi ao muuza samaki ya kukaushwa, aongee na watu wake wa mbali pale pale penye anakaa, bila kupanda kilima kutafuta réseau. Paroisse iko na parabole ya satellite, internet itatokea pale. Kazi yangu ilikuwa kuchagua borne za kuisambaza inje, mu mvua na mu jua, kwa watu wengi. Mama Solange, anauza mafuta ya mawese na njo présidente wa comité, aliniambia mbele ya wote: «Umechagua wewe, tutakuuliza wewe.»

Sikuogopa. Niliwaelezea kama nilichagua vile sisi tunachagua muchungaji: mwenye anaomba kazi anasimama ku kilima kimoja anaita, na mwenye ngombe anasimama ku kilima cha ngambo anasikiliza. Niliwaambia vile uliniagiza niweke kila aina ya borne ku paa ya nyumba ya fromage, pale tunagandishia maziwa, kisha wewe ukashuka bonde na kupanda ngambo na simu yangu mu mukono, na moja tu njo jina yake ilionekana mpaka kwa jirani yetu Ndagijimana. Walicheka, lakini walikubali. Tulinunua ile ya sauti kubwa.

Makubaliano yetu sijasahau. Kama sikukuu ya Assomption inafika, tarehe 15 mwezi wa munane, na soko haina wifi yenye inatumika, nitarudi kushika nyumba ya fromage bila kunung'unika. Kama inatumika, utaniacha na kazi yangu. Borne ya kwanza tunaipandisha ku munara wa kanisa juma hii.

Mutoto wako,
Mahoro


Masisi, tarehe 21 mwezi wa ine

Mahoro binti yangu,

Amani ikukute huko chini ya majani. Sisi tuko. Mugongo wangu ni mugongo wa muzee, hauna habari mpya. Mama yako anasema uvae buti za mvua. Ngombe nyekundu imezaa na imeanza kuchukia watu wengine pia, kwa hiyo usijione wa pekee.

Barua yako niliisoma kwa sauti ku nyumba ya kukusanyia maziwa, Ndagijimana akiwa pale, na watu wote. Sasa kilima chote kinajua kama sikio yangu njo ilichagulia Walikale wifi. Wananiita Ingénieur. Ninaitika.

Lakini nisikufiche kitu. Ninaomba kazi yako ifanikiwe, kwa sababu wewe ni mutoto wangu. Kisha ninaomba isifanikiwe, kwa sababu wewe ni mutoto wangu. Mungu atachagua ombi la kujibu. Nyumba ya fromage inataka muntu. Byukusenge, mutoto wa dada yangu, anajikaza, lakini mukono wake wa chumvi ni muzito. Fromage ya juma iliyopita tuliikula na kopo la maji kando. Mama yako alimusifu mbele ya watu, kisha akaenda kunywa tena.

Wewe ulikuwa unajua maziwa kwa kuyagusa tu. Ninakumbuka hiyo kila asubui wakati marmite ya maziwa inapanda moto. Andika upesi.

Papa yako,
Rugamba


Walikale, tarehe 24 mwezi wa tano

Papa,

Ni matumaini yangu barua hii inakukuta ukiwa umekaa, mugongo umeegemea kitu. Mimi ni muzima wa mwili. Barua yako ilinichekesha, na nilihitaji kucheka.

Borne yetu imeshindwa.

Tuliiwasha siku ya soko. Jina ya wifi ilionekana kila pahali, mpaka ku muto. Simu zote zilionyesha réseau imejaa. Watu walipiga makofi, padri alianza kuomba. Kisha wakajaribu kutuma message, na hakuna hata moja iliyotoka. Waliokuwa karibu na kanisa walipata kidogo, halafu na wao wakakwama. Jioni watoto walikuwa wanaiita wifi ya picha, ya kutazama tu. Mama Solange hakunigombeza. Alinitazama, akarudi ku mafuta yake, na hiyo iliniumiza kuliko matusi.

Nilizunguka soko na simu mu mukono mpaka nikaelewa. Borne ya munara inaita kwa nguvu, na simu inaisikia. Lakini simu yenyewe iko na sauti ndogo. Inajibu, na jibu haifiki. Majani yenye maji inaila, miili ya watu inaila, na wale wote wanajibia pamoja ku sikio moja. Siku ile ku kilima tulitazama tu kama jina inaonekana. Hatukuandika hata neno moja la kutuma. Ngombe, inatosha amusikie muchungaji, haombwi kujibu. Simu inaombwa. Papa, tulipima sauti, tukasahau sikio. Si kosa lako, mimi njo nilisomea hii kazi.

Dawa yake ninaijua. Tunataka borne ndogo nyingi, za chini, ku mapoteau, nguzo za miti, kati ya meza za soko, kila moja isikilize watu wa karibu yake. Ziwe za kuvumilia mvua, na waya moja iziletee umeme na internet pamoja. Ile kubwa ibaki ku munara, irushe internet toka paroisse mpaka sokoni tu, hiyo inaiweza. Comité ilinikasirikia, lakini Mama Solange alisimama akasema kidole kimoja hakivunji chawa, na wakakubali. Zile kubwa mbili zingine hatukuzifungua, na muuzaji wa Goma anakubali kuzibadilisha na ndogo.

Sasa ninakuomba kitu kigumu. Camion haipiti tena njia ya huku, mvua imeharibu. Carton ya borne ndogo itaachwa Sake. Nimemuandikia Jado, yule mwenye pikipiki anashusha fromage zako, aitoe Sake aikufikishie. Toka kwako, umupe muntu mwenye anakuja Walikale kwa miguu ao kwa pikipiki. Sina mwingine wa kumuomba. Ninajua ninakuomba unisaidie kubaki mbali na wewe.

Mutoto wako,
Mahoro


Walikale, tarehe 5 mwezi wa munane

Papa na Mama,

Ninawasalimia nyinyi wote wawili, na Byukusenge, na kila mwenye anauliza habari yangu. Mimi niko muzima.

Nilingojea barua yako mwezi wa sita wote, nikangojea wa saba. Jado alimuambia dereva mumoja kama carton aliitoa Sake na kukupatia mu mukono. Kwa hiyo najua iko kwako. Papa, sikuulizi kwa nini haijafika. Labda ni njia. Labda hukupata muntu wa kutumainia. Labda ni lile ombi lako la pili.

Huku mapoteau yamesimama bila kitu, wauza nguo wanatundikia mashati. Comité imekutana tena. Kuna wenye wanataka waite fundi mwingine. Mama Solange amewaambia wangoje, lakini hata yeye haniulizi tena ni siku gani.

Ahadi ni deni. Assomption imefika karibu na soko haina wifi. Nimeanza kufunga vitu vyangu. Umuambie Byukusenge asugue marmite kubwa, na kama chokaa iko, apake ku ukuta wa ndani, pale penye ukungu ulikuwa unashika. Sikukuu ikipita nitakuja kwa miguu mpaka penye nitapata pikipiki, nipande pale. Nimelia, Papa, ninakuambia wazi. Nimelia na nimemaliza, hautaona machozi nyumbani.

Mutoto wako,
Mahoro


Masisi, tarehe 12 mwezi wa munane

Mahoro mwanangu,

Leo usiniulize afya. Mama yako ni muzima, ngombe ni wazima, mimi nitakuambia.

Barua hii inakuja na Jado mwenyewe, pamoja na carton. Nimemukataza kuiacha kwa muntu yeyote, ila mu mikono yako.

Ilifika kwangu mwezi wa sita. Niliiweka chini ya kitanda. Kwanza nilisema ni mvua. Kisha nikasema ni njia. Kisha Emérita, mukubwa wa wauza maharagi, alikuja kuniaga mbele ya kwenda Walikale, akaniuliza kama niko na kitu cha kukutumia. Nilimuambia hakuna. Alienda, na mimi nilibaki nimesimama pale pale ku mulango. Mama yako alivumilia, alivumilia, halafu akaniuliza kama ile carton ninaifuga, na kama tutaanza kuikamua mwezi gani. Ninakuambia, binti yangu, mimi nilijua siku zinapita. Niliziacha zipite.

Kisha barua yako ikafika. Nilifikiri utanitukana, na nilikuwa na majibu tayari, mazuri sana. Wewe umeomba chokaa. Umeshika neno lako, na mimi nililala juu ya neno langu. Niliisoma, nikaenda kukaa kwa ngombe, na hakukuwa muntu wa kumusemesha kule isipokuwa ile nyekundu. Haya ilinishika. Nilitaka urudi, ni kweli, na bado ninataka. Lakini ningekutazama namna gani ukishika ile marmite?

Sasa sikiliza. Ile tarehe ya Assomption, uitupe. Makubaliano niliyavunja mimi, kwa hiyo hayako. Nyumba ya fromage nimemupa Byukusenge leo asubui, mbele ya Mama yako na mbele ya Ndagijimana, na funguo iko mu mufuko wake. Chumvi atajifunza. Hata kama hizi ndogo na zenyewe zinakataa, usifunge vitu juu yangu. Uchague tena, upime tena, ukosee tena kama inafaa. Na watu wa kilima nimewaambia waache kuniita Ingénieur, niliwaambia kwa nini, na bado wanacheka.

Unisamehe. Sijui kama barua inatosha kwa kuomba hiyo, lakini ninaomba.

Papa yako,
Rugamba


Walikale, tarehe 3 mwezi wa tisa

Papa yangu,

Salamu nyingi, na leo ninauliza afya kwa nguvu: umelala? umekula? Mama amekusamehe?

Jado alifika na matope mpaka ku kofia, na carton ilikuwa kavu, umeifunga na ile plastiki ya fromage. Barua niliisoma nikiwa nimesimama barabarani. Nilikasirika. Nilipiga begi langu teke, Jado akajifanya anatazama pikipiki yake. Niliisoma mara ya pili, nikakusamehe. Ninataka ujue yote mawili, usijue tu la pili.

Tulizifunga ku mapoteau, kila moja chini ya kipande cha manjanja, bati ya paa, na uso wake umegeukia watu wa upande wake. Nilipunguza nguvu ya kila moja ili zisigombane. Safari hii nilikataa kupima siku ya utulivu. Tulipima siku ya soko, mvua inanyesha, watu wamejaana, na niliwaambia hivi: asiyetuma neno asiniambie kitu juu ya réseau. Mama Solange alikuwa wa kwanza kutuma. Alimuandikia mutoto wake Bukavu, akasimama anatazama simu. Jibu ilirudi. Alinipatia kopo la mafuta ya mawese na akaniambia nisirudishe kopo.

Papa Akilimali, yule muwindaji wa zamani mwenye anauza ndizi chini kabisa penye miti, aliongea na binti yake Nicole wa Kisangani. Alianza kwa kupiga makelele mpaka mbuzi wakakimbia. Nilimuambia Nicole anamusikia. Alishusha sauti, kisha akaishusha tena, mwishowe sisi wenye tulikuwa karibu hatukusikia tena kitu, na tukaondoka kumuachia nafasi.

Si pahali pote. Nyuma ya wauza nyama bado inakatika, nitaongeza moja. Radi ninaiogopa, ninatafuta waya ya kuishusha chini. Lakini comité imeniomba nichague na za uwanja wa hospitali, na safari hii hawakuniuliza kama ninajua.

Begi nimelifungua, nguo ziko ku musumari. Nilikuwa ninafikiri siku hii ikifika nitafurahi kwa sababu nimeshinda. Nimefurahi, ndiyo. Lakini kitu kimoja kinanishangaza: tangu uniachilie, ninakumbuka nyumbani kila siku.

Kwa hiyo umuambie Mama atayarishe pahali pa kulala. Nitafika mbele ya Noeli. Hakuna aliyeniita, ninakuja tu.

Mutoto wako,
Mahoro