Ule Mstari Ulioniwekea Kwenye Kompyuta

Baba Cherono,

Nilikuwa nimepanga kukuandikia mambo ya heshima: kwamba Cherono anaendelea vizuri shuleni, kwamba mahindi ya shamba letu la Soy mwaka huu yamekubali. Lakini leo umenichosha, na mtu wa kunisikiliza ni wewe tu. Hiyo kompyuta yako ya dukani karibu niitupe barabarani ikanyagwe na boda boda zote za mtaa wa Pioneer.

Juzi iliniomba ruhusa ya kufanya update, yaani kujisasisha. Nikakubali, kwa sababu wewe ulikuwa ukikubali kila mara. Ai! Kuanzia hapo nikivuta picha, inanifuata ikipenda. Nikiandika jina, herufi zinakuja moja moja. Na leo mwalimu mmoja kutoka kule Ziwa alikuwa ameketi kwenye benchi lako akingoja vijitabu vya mazishi ya mamake, na mazishi ni kesho. "Fanya tu pole pole, Mama," akaniambia. Pole pole gani zaidi ya hiyo? Picha ya mama wa watu ilifunguka kuanzia kitambaa cha kichwa, ikakwama kwenye macho.

Nilizima, nikawasha. Nikapuliza vumbi. Nikatoa kadi ya memori nikaisugua na raba ya Cherono ya kufutia, vile ulinifundisha. Wapi! Nikamwita fundi, akasema mashine imezeeka, ninunue nyingine. Nikamwonyesha mlango.

Ndipo nikakumbuka maneno yako: "Kabla ya kulaumu mashine, ingia kama mgeni." Nikatoka kwenye akaunti yenye jina lako, nikaingia ya mgeni. Baba Cherono, kila kitu kilikwenda mbio! Ila ile programu yangu ya zamani ya kupanga vijitabu ilikataa kabisa kufunguka. Kumbe mashine ni nzima, ugonjwa uko kwako, kwenye akaunti yako.

Nikarudi kupekua mipangilio yako huku nikikutukana, Mungu anisamehe. Nikaupata. Mstari mmoja tu, unaoamuru programu zote zitumie library ya zamani, zile faili ambazo programu huazima ili kuchora picha kwenye skrini, uliyoihifadhi kando wewe mwenyewe. Update ilileta mpya, hizo mbili hazielewani, kadi ya graphics inayochora picha ikakaa bure na kazi yote ikaangukia prosesa, ule ubongo wa mashine.

Nikasema, huyu mwanaume alikuwa na akili gani? Halafu nikakumbuka. Ile library ya zamani ilikuwa ya programu yangu. Unakumbuka siku ilipokataa kufunguka, nikalia hapo dukani kwamba mpya siiwezi, kwamba sirudi darasa la kwanza mimi? Ulimaliza chai yako, ukabonyeza bonyeza, ukasema, "Endelea na kazi, Mama Cherono." Hukunieleza kitu. Kumbe uliirudisha mashine nzima nyuma kwa ajili yangu.

Nimeufuta huo mstari. Nilikunywa maji kwanza, ndipo nikaufuta. Nikapanga vijitabu kwa ile programu mpya nikigombana na kila kitufe. Mwalimu amevibeba, na macho ya mamake yametoka safi.

Nimekukosa, Baba Cherono. Lala salama huko tulikokuzika. Nakuahidi nitaijua hii mpya, hata kama ni kwa makelele. Jina lako kwenye skrini silitoi. Kesho asubuhi nitaiwasha, nikusalimie, na niendelee na kazi.

Wako,
Mama Cherono