Matuta Niliyoyachungulia

Kwa mabruda, Sumbawanga

Mama yangu,

Shikamoo. Upepo wa huku unanitafuna masikio, lakini kifua hakina kikohozi, na ugali wa ulezi naumaliza mpaka mpishi ananitazama kwa jicho baya. Nawe, mguu umepoa? Migomba imesimama baada ya ile mvua ya mawe? Ukimwambia mdogo wangu akuandikie, msimamie, namjua kwa kutia chumvi.

Umeniuliza nimekimbia nini hata nikaja kujificha kwa watawa. Mama, mimi utingo wa lori miaka sita, nimefika Dar, nimefika Ndola, hakuna kituo wasikonijua kwa jina. Darasa la nne tu, lakini dunia nimeisoma mpaka jalada. Mtu kama huyo hakimbii. Ila ule mwaka tulipokuwa tunahamisha watu kuwapeleka vijiji vya ujamaa, nilimwambia bibi mmoja jiwe lake la kusagia halina nafasi kwenye lori. Akaliacha. Alikaa kimya njia nzima, na kimya chake hakikushuka naye. Nimekiimbia, nimekinywea pombe, kipo. Ndiyo nikagonga mlango hapa, nikasema nataka kuwa bruda. Wakanipokea kama mtu wa kuangaliwa kwanza.

Kulima si shida, kukama ng'ombe si shida. Shida ni kwamba kila alfajiri tunakaa kanisani saa nzima bila neno. Si rozari, si wimbo. Nilimwuliza Bruda Mlezi, yule anayetupima sisi wageni, "Nikishanyamaza, nifanye nini?"

"Kaa na Mungu."

Nikasema moyoni, hapa kuna ujanja.

Basi nikawa nafumba jicho moja. Kwa lile jingine nikamwona Bruda Mlezi ana kijitabu. Huyu, nikajua, ni balozi wa nyumba kumi wa mbinguni, anaandika nani kasinzia. Mbele yangu hukaa Bruda Kasimiri, mzee wa Kifipa, hatikisiki kama gunia. Nikamshuku analala. Siku moja nikainama nikamnong'oneza, "Bruda, ng'ombe wameingia kwenye maharage."

Hakugeuka. "Wangu au wako?"

"Sijui, Bruda."

"Basi ni wako. Kawatoe, urudi."

Nilicheka mpaka nikatolewa nje.

Juzi juzi mzee huyo akanipeleka shambani. Wafipa hawachomi nyasi. Wanazifunika kwa udongo, wanajenga matuta ya mviringo kama vichuguu, wanayaita ntumba. Nyasi zinaoza humo, zinalisha ulezi wa msimu ujao. Mwenyewe alijenga kumi na mawili, mimi thelathini! Nikatamba mpaka chakula kikapoa. Lakini nikajiuliza, kweli humo ndani kuna kinachotokea? Siku ya nne nikaenda peke yangu na jembe, nikafukua moja. Nyasi mbichi vilevile. La pili, hivyo hivyo. Nikafukua saba, Mama, nikasema nimewakamata.

Bruda Kasimiri akanikuta. Nilingoja matusi. Akachutama, akapiga makofi polepole kama wanavyoamkia wakubwa huku, akasema, "Shikamoo, bwana mkaguzi."

"Bruda, hazijaoza."

"Zitaozaje, na wewe unafungua mlango kila saa?" Akachukua jembe, akaanza kufukia. "Hata mimi kule kanisani, siku nyingi sioni kitu. Mwaka wa thelathini huu. Nafunika tu."

Nilimtazama machoni. Waongo nawajua, nimefanya nao kazi. Yule hakuwa anadanganya.

Jumamosi Bruda Mlezi akaniita. Kijitabu kilikuwa wazi mezani, nami jicho langu halina adabu. Ni majina ya wagonjwa anaowaombea. Nikasoma: "Mama wa Lusajo, mguu." Bado namshuku kidogo, lakini kwa hilo nilikosa la kusema, na wewe unajua hilo ni muujiza. Akanipa hiari: nipande lori la Mbeya wiki ijayo, wala hakuna atakayenicheka, au nibaki mpaka matuta yatawanywe na ulezi upandwe, nikiwa na neno la mama yangu.

Nimesema nitabaki, ukikubali. Sijaahidi zaidi. Jana nilikaa nimefumba macho yote mawili, labda kwa muda wa kuchemsha chai, nikakukumbuka wewe. Ulikuwa ukikaa mbele ya mafiga kabla hujatuamsha, moto umeshawaka, husemi. Nilikuwa nachungulia kutoka kwenye mkeka nikidhani umetukasirikia. Niambie kweli, Mama, ulikuwa unafanya nini?

Msalimie mjomba, yule binti aliyenitafutia asimkatishe tamaa, wala asimpe ahadi. Bibi mzaa baba mpe shikamoo yangu kwa sauti, sikio la kushoto ndilo linalosikia.

Mimi mwanao wa kwanza, yule mpiga domo, ninayengoja jibu lako kimya,

Lusajo