Picha Namba Kumi na Nne

Likasi, tarehe 15 Septemba 2024

Mdogo wangu mpenzi Viviane,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto wote, na zaidi ya wote mama yetu. Natumaini miguu yake imepunguza kuvimba, na kwamba sasa anameza dawa badala ya kuzificha chini ya mto. Mimi ni mzima. Mvua bado haijaanza, vumbi la machimbo ya Kakontwe linatua juu ya kila sahani, na shule zimefunguliwa. Nina wanafunzi sitini na wawili katika darasa la biolojia na vitabu tisa.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu umenifungia simu. Sikulaumu. Umeiona video iliyotumwa kwenye simu za watu, ukaniona kwenye matanga ya Godefroid, nimevaa fulana ya msiba kama binti yake wa kuzaa, ninalia mpaka wanawake wawili wananishika mabega. Ujumbe wako wa mwisho uliniuliza kama nimesahau nani alimuua Baba. Ukaongeza kwamba mimi si yaya wako tena, si dada yako mkubwa. Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi kuliko ninavyosali rozari. Sasa na wewe kaa chini usome yangu mpaka mwisho, halafu ukitaka unitukane.

Sijasahau. Wewe ulikuwa na miaka miwili, mimi tisa. Babu ndiye aliyetoka mkoa wa Kasai kuja kufanya kazi ya shaba. Baba alizaliwa hapa hapa Likasi, na Kasai hakuwahi kuiona hata siku moja. Mwaka ule watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa mji huu, Godefroid alisimama na kundi lake nje ya kiwanda wakati wafanyakazi wanatoka zamu, akawagawa kwa macho tu. Huyu apite, huyu kando. Baba alimtolea kitambulisho kinachoonyesha alikozaliwa. Godefroid hakukigusa. Baba mwenyewe alitusimulia kwenye kituo cha treni jibu alilopewa, kwamba yule haombi vitambulisho, pua inamtosha: "Minye siombake karte. Mapua inaniambia yote."

Mengine Mama amekusimulia: wiki za kulala kituo cha treni, kuhara, behewa, na shimo ambalo wanaume wawili walimchimbia Baba kando ya reli kwa jembe la kuazima. Hakupata sanduku wala matanga. Sisi tulitoka na sufuria mbili na wewe mgongoni. Picha zote zilibaki nyumbani, na ndani ya nyumba yetu akaingia Godefroid, akachoma uani kila kitu ambacho hakukihitaji. Ndiyo sababu kila ulipouliza Baba alifanana vipi, Mama alikuambia ujitazame kwenye kioo, na wewe ulilia ukisema kioo hakina masharubu.

Niliporudi Likasi kufundisha, nilirudi na jina la mume wangu, kwa hiyo Godefroid hakujua mimi ni nani. Mimi nilimjua. Kila Jumapili alikaa benchi la mbele, shati limepigwa pasi, na baada ya misa alijisifu mbele ya yeyote mwenye masikio kwamba jicho lake halijawahi kukosea, kwamba hata leo akimwona mtu ng'ambo ya barabara anajua babu yake alishuka kwenye treni gani. Watu walicheka. Mimi nilikunja ngumi ndani ya mkoba. Nilimchukia mtu yule kwa bidii, Viviane, kama wengine wanavyofanya kazi, na sikuchukua likizo.

Halafu, miaka miwili iliyopita, alikuja Profesa Numbi kutoka Lubumbashi. Yeye ni mwanaanthropolojia, anachunguza namna miili ya watu inavyotofautiana na kwa nini. Alihitaji msaidizi anayejua biolojia, nikakubali. Miezi mitatu tulipima watu mia tatu na arobaini: wachimbaji wa Kamatanda, akina mama wa parokia, wazazi wa wanafunzi wangu. Nilishika ile koleo ya kupimia, nikapima upana wa pua, urefu wa uso, paji, na rangi ya ngozi upande wa ndani wa mkono ambako jua halifiki. Kila mmoja alitaja babu na bibi zake walitoka wapi.

Jioni nilikuwa napanga namba kwenye karatasi, na nakuambia ukweli, nilikuwa natafuta. Nilitaka kuiona hiyo pua ya Kasai iliyomuua Baba. Haikuwepo. Pua za watu wa Kasai na pua za watu wa hapa zilichanganyika kwenye ukurasa kama mchele na mchele. Ndugu wawili wa tumbo moja walipishana kuliko wageni wawili walioketi benchi moja. Profesa alinieleza kwamba ndivyo ilivyo duniani kote: maumbo yanabadilika polepole kutoka nchi hadi nchi, jua na baridi na malaria vimechonga kidogo hapa na kidogo pale, lakini hakuna mahali unapoweza kuchora mstari ukasema hapa wanaishia hawa na pale wanaanza wale. Aliniambia pia kwamba zamani Wazungu walikuja na koleo kama hii hii wakapima vichwa vya babu zetu, wakaandika kabila gani lina akili na lipi ni la kubeba mizigo. Wao waliondoka, sisi tukabaki tunasoma daftari lao. Nilimsikiliza huku nikimfikiria mtu mmoja tu.

Mimi ndiye niliyemshauri Profesa amalizie kazi kwa mchezo mbele ya watu, katika ukumbi wa parokia. Mzee Arsène, yule mpiga picha wa zamani, alikuwa bado anahifadhi negativu zake kwenye makasha, kila moja katika bahasha yenye jina, mwaka na asili ya mtu, maana zilipigwa kwa ajili ya vitambulisho. Tulichagua wanaume ishirini wa miaka ile, kumi wa hapa na kumi wa Kasai. Umeme wa bwawa la Koni ulikatika asubuhi ile kama kawaida yake, kwa hiyo hatukuwa na projekta. Nilibandika picha ukutani kwa namba, zimekatwa kuanzia paji hadi juu ya mdomo. Aliyejigamba kuwa ana jicho aje azigawe. Unafikiri nani alisimama kabla Profesa hajamaliza kusema?

Alikuja na fimbo yake, anatabasamu. Kwanza aliwakumbusha watu kwamba hata yeye alipigwa picha kwa Arsène akiwa kijana, amevaa lile koti jeusi ambalo studio ilimwazima kila mteja. Kisha akaanza. Huyu wetu, huyu mugeni, huyu wetu. Alipofika namba kumi na nne hakusita hata kidogo. Aligonga karatasi kwa fimbo kwenye pua na kusema kwa sauti ya kufika mlangoni: "Huyu njo mugeni kabisa. Mutazame mapua. Huyu hata gizani namujua."

Profesa alisoma jumla tu, niliyomhesabia mimi kutoka orodha yangu ya majibu. Katika ishirini alikuwa amepata tisa. Mtu aliyerusha sarafu juu angemshinda. Watu walianza kuguna, kwa sababu wapo wengi pale ambao ndugu zao waligawanywa na jicho hilo hilo. Hapo mimi nikasimama, nikabandua namba kumi na nne, nikabandika mahali pake picha nzima, na koti na masharubu na pazia la studio. Nikasema kwa adabu zote kwamba Papa Godefroid amemtaja mtu huyu kuwa mgeni kabisa, na kwamba mtu huyu ni Papa Godefroid mwenyewe, mwaka wa sabini na tisa.

Viviane, ukumbi ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, mtu mmoja alianguka na kiti chake. Godefroid alisogea karibu, akavaa miwani, akavua miwani. Mkewe, Mama Hortense, aliyeolewa naye baadaye sana, alikuja mbele akatazama, akathibitisha kwamba ndiye, sikio ni lake hilo. Na Godefroid akasema kwa sauti ya mtu mgonjwa: "Kweli. Njo minye. Koti naikumbuka." Nilimtazama usoni wakati anasema. Nilikunywa sura ile kama maji ya kwanza baada ya kiangazi.

Tangu siku ile mji ulimwita Mugeni. Sokoni walimpigia bonjour Mugeni, na baada ya misa hakuna aliyesimama tena kusikiliza habari za jicho lake. Nilifurahi, na sikwenda kuungama furaha hiyo. Baada ya miezi michache alinijia shuleni akiomba ile picha kubwa. Alisema hana picha nyingine ya ujana wake, na kwamba, kwa kweli, alikuwa kijana mzuri. Nilimpa. Aliitia fremu akaitundika sebuleni, kisha akanialika kula bukari, ugali wa huku, kwa shukrani.

Niliingia nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini. Msumari wa rozari ya Mama bado upo juu ya mlango. Tulikula. Katikati ya chakula aliitazama picha akaanza kusema kwamba kama yeye mwenyewe anaweza kuonekana mgeni, basi labda wale wengine... Akaishia hapo, akaomba chumvi. Zaidi ya mwaka nilisubiri amalize sentensi ile. Nilirudi kwake mara nyingi kwa kisingizio hiki na kile, nikisubiri. Mwezi uliopita moyo wake ulisimama, na sentensi akaenda nayo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijamwambia Mungu wala mume wangu.

Namba kumi na nne si Godefroid. Bahasha ya Godefroid kwa Mzee Arsène ilikuwa tupu, imeliwa na maji. Namba kumi na nne imeandikwa Damas, 1979, asili Kasai. Ni Baba, Viviane. Ni baba yetu.

Nilipoipata nilikaa sakafuni kwa Arsène nikaisoma bahasha upya. Ningepaswa kukutumia siku ile ile, na hili ndilo ninalokuomba msamaha, hili peke yake. Sikutuma kwa sababu nilitaka kwanza Godefroid amtazame. Niliamini atasema huyu ni wetu, na hapo ningesimama mbele ya parokia nzima nimwambie ni nani aliyemtupa kando ya reli. Huo ndio ulikuwa mpango wangu. Lakini katika yote aliyoyakosea, hiyo moja aliipata. Alimgonga Baba puani kwa fimbo, akamfukuza mara ya pili mbele ya macho yangu, akitabasamu. Uongo ulitoka mdomoni mwangu kabla sijaufikiri. Na mtu mwenye jicho lisilokosea akaupokea uso wa Baba kuwa uso wake, mke wake akaapa kwa sikio, na hakuna hata mmoja ukumbini aliyeweza kuona tofauti. Vipimo vya Profesa sikuvigusa, kazi yake ni safi. Huu ulikuwa mchezo wangu na Godefroid.

Ningekuambia basi baadaye? Nakujua. Ungepanda treni ya kwanza ukapiga kelele barabarani, na wangeishusha picha ukutani. Nilitaka ikae pale. Alimtoa Baba nyumbani kwake. Mimi nilimrudisha, akatundikwa sebuleni, na Godefroid akawa anamfuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe kila Jumamosi.

Kisha akafa, na wosia wake ulikuwa kwamba iwekwe picha ile ya ujana. Wakaiweka juu ya jeneza, imezungukwa na maua. Mwanawe Ricky aliichapisha kwenye fulana themanini. Siku tatu ua wetu ulijaa watu, kwaya iliimba, padri alinyunyiza maji ya baraka kuelekea uso ule, na watoto wa Godefroid wote walimlilia Baba wakiwa wamembeba kifuani. Watu waliomtoa bila jeneza walimpigia magoti. Sasa unajua kwa nini nililia. Nilikuwa kwenye matanga ya baba yangu, katika uwanja wake, miaka thelathini na miwili baadaye, na ni mimi peke yangu niliyejua msiba ni wa nani. Usiniambie nimeionea huruma maiti ya yule mtu. Sikumtazama hata mara moja.

Barua hii anakuletea Deborah, jirani yangu anayesafiri kwa treni, pamoja na kifurushi. Ndani yake mna fulana yangu ya msiba. Nimeifua. Chini ya picha wameandika jina la Godefroid na tarehe zake. Chukua mkasi uukate mstari huo wote, uutie motoni jikoni. Bakiza uso. Utaona kwamba nyusi moja imepanda juu ya nyingine, kama yako unapobishana bei.

Halafu mpelekee Mama. Usimwambie kitu. Mkunjulie tu mapajani, umuulize huyu ni nani.

Wasalimie watoto, mwambie shemeji asante kwa kukuvumilia, na Mama mbusu mikono yote miwili kwa niaba yangu. Atakapojibu, nifungulie simu.

Ni mimi yaya wako, upende usipende,

Alphonsine